Skana inalia piii ila Arduino haioni kitu: jibu kwa anayemtengenezea mama kimashine cha dukani

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, limetoka kwa kijana mmoja wa Morogoro: "Shikamoo kaka. Mama ana duka la rejareja, nataka nimtengenezee kimashine cha kuhesabu mzigo, unaskani bidhaa inapunguza stoku yenyewe. Niliagiza ile moduli ndogo ya barkodi inaitwa GM65, nimeiunga kwenye Arduino Uno, taa inawaka, nikiielekezea sabuni inalia piii vizuri tu, ila Serial Monitor tupu kabisa. Cha ajabu nikiichomeka kwenye laptop kwa kebo ya USB namba zinajiandika zenyewe hata kwenye Notepad. Nimeiunguza? Au Uno haifai ninunue ESP32? Alafu itasoma QR za risiti na za kwenye simu?" (Kwa asiyejua, Arduino Uno na ESP32 ni vibodi vidogo vya kielektroniki unavyoviandikia programu, na Serial Monitor ni dirisha kwenye laptop linaloonyesha kile bodi inachotuma.)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pumua, hujaunguza kitu. Huo mlio ndo ushahidi wako, moduli ikilia piii maana yake imeshaona mistari, imeshaitafsiri, imeshapata namba, kazi ngumu yote imeisha. Kilichobaki ni imekutumia wapi hiyo namba, na umeshajijibu mwenyewe hapo kwenye Notepad, inaitumia kwenye USB. Yani imekaa kwenye hali ya kibodi, inajifanya ni kibodi ya kompyuta, kwa hiyo ule waya wa TX, wa kutumia data, uliouunga kwenye Uno umekaa kimya tu hauna habari.

Hizi moduli huwa hazina swichi ya kubadilisha hayo mambo, zinabadilishwa kwa kusomeshwa barkodi za mipangilio. Kwenye kitabu chake cha maelekezo, ile PDF, kuna kurasa nzima za vibarkodi, kimoja cha kusema toa kwa USB kama kibodi, kingine toa kwa siriali, yani kwa zile nyaya za TX na RX, kingine rudi kama ulivyotoka kiwandani, kingine zima mlio na kadhalika. Tafuta kilichoandikwa serial output, kisomeshe mara moja, ikilia basi, sasa namba zitatoka kwenye TX. Unaweza kukisomesha kutoka kwenye skrini ya laptop bila kuprinti, ila naomba usikie hili, ziba vya jirani kwa mkono au kwa karatasi. Kurasa zile zimebanana na skana haijui we unalenga kipi, inachukua itakachokiona kwanza. Mimi mara ya kwanza nilitaka kubadilisha spidi nikaisomesha cha jirani yake, nikazima mlio bila kujua, nikakaa nusu saa nzima naamini nimeshaiua. Ukipotea njia kabisa somesha kile cha kurudisha hali ya kiwandani uanze upya.

Sasa waya. GM65 yenyewe inataka volti 5 za kuiendesha lakini mawasiliano yake yanaongea kwa volti 3.3, hapo ndo wengi wanachanganya wanadhani kitu kikila 5 basi kinaongea 5. TX ya moduli kwenda kwenye pini ya kupokea ya Uno ni sawa kabisa, unaunga moja kwa moja, kwa sababu Uno ikiona volti 3 na kuendelea inahesabu ni moja. Tatizo ni upande wa pili, Uno ikitaka kuongea na moduli inatoa volti 5 nzima kwenye mguu uliozoea 3.3, inaweza ikavumilia leo na kesho, keshokutwa ikafa. Weka rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka pini ya Uno kwenda RX ya moduli, ule mguu wa kupokea, na ya kilo-omu 2 kutoka hapohapo kwenda grauni (GND), pale kati unapata kama 3.3. Huna ya 2, unga mbili za 1 zifuatane, zinakuwa 2. Na waya zinapishana, TX ya huyu kwa RX ya yule, huyu anayesema anaunganishwa na yule anayesikia. Alafu grauni, jamani grauni, kama moduli unailisha na chaja yake na Uno inakula kwenye laptop, lazima grauni zao zishikane, la sivyo utaona herufi za kichina, yani takataka zisizosomeka.

Herufi za kichina ambazo hazitokani na grauni ni spidi. Hii moduli inatoka kiwandani ikiwa 9600, yani biti 9600 kwa sekunde. Zipo nyingine kwa mfano ile ya SparkFun inaitwa DE2120, hiyo inaanzia 115200, kwa hiyo usinakili programu ya mtu wa moduli nyingine ukashangaa.

Jambo jingine, usiunge kwenye pini 0 na 1 za Uno. Uno ina siriali moja tu ya kweli na ndo hiyohiyo inayotumika kuongea na laptop, ukiweka skana hapo hata kupakia programu itagoma. Tumia SoftwareSerial, siriali ya kuigiza kwa programu, kwenye pini nyingine, kwa 9600 inafanya kazi safi tu. Anza na hii, ni fupi makusudi:

#include <SoftwareSerial.h>
SoftwareSerial skana(10, 11);
char namba[64];
byte n = 0;

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  skana.begin(9600);
}

void loop() {
  while (skana.available()) {
    char c = skana.read();
    if (c == '\r' || c == '\n') {
      if (n > 0) {
        namba[n] = 0;
        Serial.println(namba);
        n = 0;
      }
    } else if (n < 63) {
      namba[n++] = c;
    }
  }
}

Pini 10 inapokea, inaenda kwenye TX ya moduli, 11 inatuma, inaenda kwenye RX kupitia zile rezista. Ukiiwasha ukasomesha sabuni ukaona tarakimu 13 kwenye Serial Monitor basi umemaliza nusu ya safari, na kabla hujaona hizo namba usiguse kingine chochote, usiweke skrini, usiweke kadi, usianze kuchonga boksi.

Hapo kwenye \r na \n nikae kidogo maana hapo ndo nimeona watu wanapotelea, na mimi mwenyewe nilipotelea jioni mbili. Moduli ikimaliza kutuma namba inatia herufi ya mwisho isiyoonekana, kama vile mtu anavyobonyeza Enter. Kuna mipangilio inayotuma \r peke yake, kuna inayotuma \r na \n pamoja. Watu wengi wanatumia amri ya readStringUntil, ya kusoma mpaka ikutane na herufi fulani, wakisubiri \n, sasa kama moduli inatuma \r tu, hiyo \n haiji milele, programu inasubiri mpaka sekunde 1 inaisha ndo inakupa namba, unaona mashine nzito, unailaumu Uno. Mbaya zaidi ni ile inayotuma zote mbili, unapokea namba fasta kabisa lakini mwishoni imeng'ang'ania \r usiyoiona, ukiiprinti inaonekana sawasawa, ukiilinganisha na namba uliyohifadhi inakataa. Mi nilikuwa naangalia skrini, namba ya juu na ya chini zimefanana herufi kwa herufi, programu inasema bidhaa haipo. Nikaja kuprinti urefu, moja ina 13 nyingine 14, nikacheka peke yangu usiku. Ndo maana programu hapo juu inakubali yoyote kati ya hizo mbili kama mwisho na haiiweki kwenye namba.

Na namba usiiweke kwenye int. Najua inaitwa namba lakini ichukulie kama jina. Kwenye Uno int inaishia 32767, hata unsigned long inaishia bilioni 4 na kitu, tarakimu 10, wakati barkodi ya sabuni ina 13, utapata uchafu. Na zile zinazoanza na sifuri, ukizigeuza kuwa namba sifuri ya mbele inapotea unakuwa na bidhaa nyingine kabisa. Hata ukija kuhamishia kwenye Excel baadaye weka hiyo safu iwe maandishi, la sivyo itakuandikia 6.2E+12 na mama yako atakuuliza hiyo ndo bei gani.

Tukiwa hapohapo, barkodi haina bei. Haina jina la bidhaa, haina tarehe ya kuisha muda. Ni namba tu, kila kitu kingine we ndo unakijua kwenye orodha yako. Hata ule mwanzo wake kule Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley ilipopitishwa kwenye skana ya supamaketi, bei ilikuwa inatoka kwenye kompyuta ya duka. Namba tatu za mbele zinaonyesha kampuni ilisajiliwa barkodi wapi, 620 ni Tanzania, 616 Kenya, na hiyo haimaanishi bidhaa imetengenezwa huko, ni usajili tu. Tarakimu ya mwisho ni ya kujihakiki. Chukua namba ya mfano 620123456789, zile za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zijumlishe, 6+0+2+4+6+8 ni 26, zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea ni 2+1+3+5+7+9, 27, zizidishe kwa 3 zinakuwa 81, jumla 107, ili ifike 110 inahitaji 3, basi namba kamili ni 6201234567893. Moduli inaifanya hiyo hesabu yenyewe kabla haijalia piii, kwa hiyo huna haja ya kuirudia, ila kama utaweka vitufe mama aandike namba kwa mkono pale stika imechubuka, hapo iweke kwenye programu, vidole vinakosea kuliko skana.

Kitu kingine utakachokutana nacho dukani sio kwenye meza yako ya majaribio, katoni. Mama akipokea katoni ya sabuni akaiskani nje, mara nyingi atapata namba ya tarakimu 14 na sio ya kipande, hiyo ni barkodi ya katoni, ile yenye mistari minene na fremu nyeusi. Ndani yake kuna zilezile tarakimu za kipande lakini imeongezwa moja mbele na ya mwisho imebadilika. Usijaribu kuzibadilisha kwa hesabu, we weka kwenye orodha yako kwamba namba hii ni katoni ya kitu fulani yenye vipande kadhaa, ikiskaniwa ongeza vipande hivyo. Na vile visivyo na barkodi kabisa, sukari ya kupima, maharage, mafuta ya kula ya robo, vitengenezee vya kwako. Namba za EAN, hizi barkodi za kawaida za bidhaa, zinazoanza na 200 mpaka 299 zimeachwa kwa matumizi ya ndani kama hayo, hazitagongana na bidhaa ya mtu, au kwa urahisi zaidi tengeneza Code 128 (barkodi ya mistari inayobeba na herufi) au QR yenye neno SUKARI1KG, uiprinti, uibandike kwenye kipande cha boksi chini ya kaunta. Mama anapima sukari mkono mmoja, mkono mwingine anaonyesha kile kipande. Hakikisha pembeni ya mistari umeacha nafasi nyeupe, ukikata karatasi ikabana mistari haisomi ng'o.

Sasa uamuzi mkubwa kuliko hata Uno au ESP32, ni lini skana isome. GM65 ina njia nne, ya kubonyeza kitufe chake, ya kusoma mfululizo bila kupumzika, ya kuhisi kitu kimekuja mbele yake, na ya kusubiri amri kutoka kwenye bodi yako. Kila anayeanza anapenda ile ya mfululizo kwa sababu kwenye video inapendeza. Dukani ni balaa. Mteja kanunua sabuni moja, mama kaishikilia mbele ya skana sekunde mbili anajibu simu, tayari stoku imepungua tatu. Unasema basi nitaiambia programu ipuuze namba ileile kwa sekunde mbili, sawa, sasa mteja kanunua sabuni mbili za aina moja, mama kazipitisha harakaharaka, ya pili imepuuzwa. Unaona? Hakuna muda unaofaa hapo, ukiurefusha unakosa, ukiufupisha unazidisha. Mi nashauri ile ya amri, weka kitufe kikubwa kimoja, mama anabonyeza mara moja inasoma mara moja, anabonyeza tena inasoma tena. Kama anauza kumi, kitufe kingine cha kurudia cha mwisho.

Ukishaisomesha kibarkodi cha kuiweka kwenye hali ya amri, amri yenyewe ya kuiambia soma sasa ni baiti tisa, 7E 00 08 01 00 02 01 AB CD. Unaziweka kwenye safu ya byte alafu skana.write ya safu hiyo na 9. Zile AB CD za mwisho ni mahali pa kuhakiki makosa, hizo mbili ni ruhusa maalumu ya kusema usihakiki. Ikikubali inakujibu baiti saba, 02 00 00 01 00 33 31, ndo inawasha taa na kutafuta barkodi.

Na hayo majibu ndo mtego wenyewe. Angalia mbili za mwisho, 33 na 31, kwa lugha ya herufi hizo ni "3" na "1". Kwa hiyo kama unapokea kwa String utaona kila namba yako imetanguliwa na 31 isiyojulikana imetoka wapi, mtu anaanza kutafuta kampuni gani ina barkodi za 31. Na kama unapokea kwa char kama kwenye programu yangu hapo juu ni vibaya zaidi, zile 00 za katikati zinamaanisha mwisho wa maneno, kwa hiyo println inafika pale inasimama, unapata mstari mtupu au kiherufi cha ajabu, na namba yako ipo palepale nyuma yake haionekani. Dawa ni ndogo, ukituma amri, subiri zifike baiti saba, zisome uzitupe, alafu ndo uanze kukusanya namba. Weka na kikomo cha muda, maana kama moduli haijajibu kwa sababu waya wa RX umechomoka hutaki mashine igande milele na wateja wamesimama.

Uno au ESP32? Uno inatosha kujifunzia, na kwa duka dogo sana inatosha hata kufanyia kazi. Ina kumbukumbu ya kudumu ya baiti 1024, ukihifadhi tarakimu 13 na idadi ya baiti 2 unapata bidhaa 68 hivi, basi. Duka la mama lina bidhaa 68 tu? Sidhani, viungo peke yake ni 20. Ungeweza kuongeza kadi ya SD, ambayo nayo inataka 3.3, ukaongeza na saa, mpaka unamaliza umetumia hela nyingi kuliko ESP32 na bado una RAM ya kilobaiti 2. Kwa hiyo jibu langu, usiitupe Uno, fanya nayo haya majaribio yote leo, ukishaelewa hamia ESP32. Ina siriali za kweli zaidi ya moja, inaongea 3.3 kama moduli kwa hiyo zile rezista unazitoa, ina nafasi ya kuhifadhi mafaili, na ina WiFi, mama anaweza kuangalia stoku kwenye simu yake akiwa nyumbani. Kwenye bodi za kawaida watu wanatumia pini 16 na 17 kwa siriali ya pili, ila kama yako ni ESP32 ya aina ya WROVER chagua nyingine, zile zimeshikwa na RAM ya nyongeza.

Ila ESP32 ina ugonjwa wake na huu nimeuugua. Skana ikiwasha taa inavuta umeme ghafla, zaidi ya miliampia 100, na ESP32 ikirusha WiFi nayo inavuta ghafla, zikikutana wakati mmoja kwenye kebo nyembamba ya chaja ya bei poa, volti inaanguka na bodi inajizima na kuwaka upya. Yangu ilikuwa inasoma bidhaa ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu inajirestati, nikahangaika na programu wiki nzima, kumbe kwenye Serial Monitor ilikuwa inaandika kila mara kwamba brownout, yani volti kuanguka, imetokea na mimi naruka huo mstari nadhani ni mapambo. Kosa langu lilikuwa mawili, kebo mbovu, na skana nilikuwa nimeilisha kwenye pini ya 3V3 ya bodi badala ya 5V. Lisha skana kwenye 5V moja kwa moja kutoka kwenye chaja, weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na moduli, mguu mrefu kwenye chanya, badilisha kebo. Kabla hujalaumu programu chukua testa upime volti kwenye pini za moduli wakati inasoma, sio wakati imetulia.

QR sasa. Ndio inasoma, GM65 ndani yake ni kikamera, inasoma ya mistari na ya vidoti, kwenye karatasi na kwenye skrini. Kuwa makini tu ukija kununua nyingine maana kuna zile za mstari mmoja tu, za leza au za kihisi cha mstari, hizo QR hazisomi kabisa, na za leza kwenye skrini ya simu zinashindwa hata barkodi ya kawaida. Mi kuna duka liliniuzia moja limeandika 2D (yani inasoma na za vidoti) kwenye tangazo, imefika inasoma mistari tu. Uliza kwanza, inasoma QR kwenye simu, ndio au hapana.

Skrini ya simu ongeza mwanga, na ilaze kidogo usiielekeze uso kwa uso, taa ya moduli ikigonga kioo ikarudi inajipofusha yenyewe. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi, shida yake ni karatasi, zile zinaprintiwa kwa joto, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au juani inafifia. QR ina uwezo wa kujirekebisha, ile ya kiwango cha juu inavumilia mpaka kama asilimia 30 imeharibika, ile ya kiwango cha chini asilimia 7 tu, lakini iliyofifia yote haina cha kurekebisha. Na usitegemee kukuta orodha ya ulichonunua humo ndani, ya EFD inabeba linki ya kwenda kuhakiki risiti kwenye tovuti ya TRA.

Hapo kuna kitu cha kubadilisha kwenye programu. Barkodi ni herufi 13 na ile ya mwisho, kwa 9600 inapita ndani ya milisekunde 15, hata hujapepesa. Linki inaweza kuwa ndefu kuliko ile nafasi ya 64 niliyokuwekea, na QR zipo za mamia ya herufi, kubwa kuliko zote inabeba tarakimu 7089. SoftwareSerial ya Uno ina bafa, mahali data inaposubiri kusomwa, ya baiti 64, kama programu yako iko bize inachora kwenye skrini au umeweka delay, zikijaa zinazofuata zinamwagika na hakuna anayekuambia, unapata linki imekatwa katikati. Kwenye ESP32 ongeza bafa kwa setRxBufferSize, na iite kabla ya begin, ukiiita baada haisaidii.

Kitu kimoja cha usalama nusura nisahau. Vile vibarkodi vya mipangilio vinafanya kazi hata akija navyo mtu mwingine. Mtoto mtundu akija na picha kwenye simu anaweza kuibadilisha skana ya mama iwe kibodi, na mashine nzima ikanyamaza kama yako ilivyonyamaza sasa. Kwenye kitabu kuna kibarkodi cha kuzima usomaji wa mipangilio, ukimaliza kupanga kila kitu kisomeshe, na ukurasa wa kuwasha tena uuprinti uuweke mahali utakapokumbuka.

Boksi usiwe na haraka nalo, lakini ukifika hapo, usiweke kioo au plastiki bapa mbele ya skana sambamba nayo, ile taa itagonga ndani na kurudi. Acha tundu wazi, au kama unaogopa vumbi la unga basi kioo kilale kwa pembe. Umbali pima kwa bidhaa zenyewe za mama, chukua kiberiti, chukua sabuni ya kipande na mfuko wa unga wa kilo 5, maana kibarkodi cha kiberiti kinataka usogee na cha mfuko kinataka urudi nyuma, na mfuko wa unga umekunjamana utabidi aunyooshe kwa mkono. Usipime na vitabu vyako vya shule vilivyonyooka ukadhani umemaliza.

Leo fanya hilo moja tu, kibarkodi cha siriali, ziba vya jirani, alafu angalia Serial Monitor. Zikitoka herufi za kichina angalia grauni na spidi, isipotoka kitu kabisa badilisha TX na RX, kisha niandikie umeona nini, na unipigie picha ya waya mchana sio usiku, ile picha ya kwanza uliyonitumia sikuona hata rangi.